Rwenzori ya 1906 na ya leo: picha mbili hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako limechapa picha mbili za milima ya Rwenzori, hapa Uganda, bega kwa bega, moja ikiandikwa "1906" na nyingine "leo". Nashukuru kwamba jambo hili limepewa nafasi kubwa, kwa sababu habari yenyewe ni ya kweli na ni ya mlima wetu: barafu ya Rwenzori inakwisha. Lakini picha zile hazikupigwa mahali pamoja. Moja inautazama mlima kutoka bondeni, nyingine kutoka juu ya mwamba wa pembeni. Moja ina mawe makavu mbele yake, nyingine imefunikwa na theluji iliyoanguka usiku. Anayeijua milima ile ameona upesi kuwa hazilingani, na asiyetaka kuamini kwamba hali ya hewa inabadilika amepata kisingizio cha kukataa yote. Naandika kwa sababu kosa hili linarekebishika, na anayetaka kulirekebisha hahitaji kamera ya bei kubwa.

Picha za 1906 zina mwenyewe, na jina lake lilistahili kuandikwa. Ni Vittorio Sella, Mwitaliano wa mji wa Biella, aliyezaliwa 1859 na kufariki 1943. Alikuja Uganda na msafara wa mwanamfalme Luigi Amedeo wa Abruzzi, uliofika kilele cha Margherita, mita 5,109, tarehe 18 Juni 1906. Sella alipiga kwa kamera ya sahani za vioo, yaani vioo vilivyopakwa dawa badala ya filamu, juu ya stendi ya miguu mitatu, na vyote hivyo vilipandishwa kwa mabega ya wapagazi kupitia matope na vinamasi ambavyo hata leo humnyima mtu buti zake. Kazi yake imehifadhiwa na taasisi ya Fondazione Sella kule Biella. Nakala nyingi zinazozunguka mtandaoni zimetokana na nakala za nakala, zimekatwa kingo, na baadhi hazisemi tena ni upande gani wa mlima. Anayetaka kulinganisha kwa uhakika aanze kwa kutafuta nakala kamili, yenye kingo zote nne, kwa sababu kingo ndizo zitakazomwonyesha mpigaji alisimama wapi.

Kupata mahali aliposimama ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndipo wengi wanaposhindwa. Wanatazama kilele, wanakiweka katikati ya kioo cha simu, wanabonyeza. Kilele hakisemi lolote kuhusu mahali pa kusimama. Kikiwa umbali wa kilomita tatu, unaweza kusogea mita kumi kushoto au kulia na kisibadilike machoni. Vinavyosema ni vitu vya karibu: jiwe lililo mbele, ukingo wa ziwa, pembe ya mwamba inayokata mstari wa mlima nyuma yake. Jiwe lililo mita 20 mbele yako, ukisogea mita moja tu pembeni, huhama karibu nyuzi 3 ukilipima dhidi ya kilele. Kwenye picha iliyochapwa kwa upana wa sentimita 30, hiyo ni zaidi ya sentimita moja, na jicho linaiona bila rula.

Basi kazi hufanywa hivi. Chapa picha ya zamani kwenye karatasi kabla ya kupanda, uifunike kwa plastiki, kwa sababu kule mvua haiombi ruhusa. Tafuta juu yake jozi za vitu, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, ambavyo vinagusana au karibu kugusana: kwa mfano ncha ya jiwe inayoanguka sawasawa chini ya ufa wa mlima. Chagua angalau jozi tatu, moja kushoto, moja kulia, moja katikati, na uzichore kwa kalamu nyekundu. Ukifika, anza na kushoto na kulia. Jiwe likionekana limesogea kulia kuliko lilivyo kwenye picha, nawe sogea kulia mpaka lirudi chini ya ufa wake. Likiwa limekwenda kushoto, fuata kushoto. Kisha shughulikia mbele na nyuma: linganisha nafasi iliyopo kati ya mawe mawili ya karibu na nafasi iliyopo kati ya vilele viwili vya mbali. Ukilisogelea jiwe lililo mita 20 kwa mita 2, ukubwa wake machoni huongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, ilhali mlima haubadiliki. Mawe yakizidi ukubwa, rudi nyuma. Mwisho ni kimo. Ikiwa jiwe linakata mlima juu zaidi kuliko kwenye picha ya zamani, umeiweka kamera chini mno. Stendi za kamera za zama zile zilikuwa kwenye kimo cha kifua au macho, lakini ardhi nayo hubomoka, na wakati mwingine itabidi kuinua kamera kwa mikono miwili juu ya kichwa.

Hapa lipo kosa ambalo hata wapiga picha wa kazi hulifanya. Wakiona mlima ni mdogo kuliko kwenye picha ya 1906, wanauvuta kwa lenzi. Kuvuta kwa lenzi hakubadilishi mpangilio wa vitu hata kidogo. Hukata tu kingo na kukuza kilichobaki. Uhusiano wa jiwe na mlima unaamuliwa na mahali pa kusimama peke yake. Kwa hiyo piga kwa upana zaidi ya picha ya zamani, kisha kata baadaye mezani. Tumia lenzi kuu ya simu. Ile pana zaidi, yenye alama ya 0.5, hupinda na kuvuta vitu vya kingoni. Usitumie pia njia ya simu ya kupiga panorama kwa kuzungusha mkono, maana hupinda mstari wa upeo. Sella naye aliunganisha sahani kadhaa kupata mandhari ndefu. Kwa simu, piga picha moja moja, kila moja ikirudia theluthi ya iliyotangulia.

Kamera za sahani zilikuwa na uwezo mmoja ambao simu haina: mpigaji aliweza kuinua lenzi bila kuinamisha kamera, hivyo kilele kikaingia na kuta za miamba zikabaki wima. Ukiinamisha simu kutazama juu, miamba huegemeana kuelekea katikati na hailingani tena na ya zamani. Dawa yake ni kuishika simu wima kabisa, hata kama nusu ya chini ya picha itajaa majani na matope, halafu kuikata nusu hiyo.

Mawe makubwa ndiyo alama za kuaminika, kwa kuwa mengi hayajasogea kwa miaka 100. Usitegemee mimea. Lobelia na senesio kubwa za Rwenzori hukua, huanguka na kuota upya, na picha mbili zinaweza kuonyesha mmea "uleule" ambao si uleule. Ukingo wa ziwa nao hupanda na kushuka na mvua.

Baada ya mahali linakuja jua, na hili sijaliona likiandikwa katika magazeti yetu. Rwenzori iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Desemba na Januari, kila upande kwa takriban nyuzi 23 kutoka utosini. Msafara wa 1906 ulikuwa mlimani Juni na Julai. Picha ya Januari, hata ikipigwa kutoka jiwe lilelile, itakuwa na vivuli upande wa pili. Mlima Baker, mmoja wa milima ya Rwenzori, ukitazamwa kutoka bonde la Bujuku unaonyesha uso wake wa kaskazini: Juni uso huo hupata jua, Januari mara nyingi hubaki kivulini na barafu ikiwepo huonekana kama mwamba mweusi. Mlima Speke ukitazamwa kutoka bonde hilohilo huwa kinyume chake. Kwa bahati, Juni hadi Agosti ni kipindi cha ukavu, sawa na Desemba hadi Februari, kwa hiyo anayelinganisha na Sella hana sababu ya kuchagua mwezi mwingine.

Saa nayo isichukuliwe juujuu. Kwa kuwa Kasese, mji wetu ulio chini ya mlima, iko magharibi mwa ukanda wetu wa saa, jua hufika juu kabisa karibu saa saba mchana, si saa sita. Saa za 1906 pia hazikuwa hizi tunazotumia. Mpigaji aamini vivuli: asubiri mpaka kivuli cha mwamba fulani kifike mahali kilipo kwenye picha ya zamani, hapo apige. Kwa vitendo kazi hii ni ya asubuhi, kwa sababu mawingu hupanda mabonde mapema, na siku nyingi kilele kilichokuwa wazi saa moja hakionekani tena saa nne.

Sasa theluji. Juu ya mita 4,500 theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, na usiku mmoja unatosha kuufanya mlima uonekane una barafu kama ya zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwenye picha yenu ya "leo". Theluji mpya ni nyeupe sawasawa, hulala juu ya kila rafu ya mwamba, hata mahali pembamba ambapo barafu haiwezi kushika, na haina kingo. Barafu ya kudumu ina rangi ya kijivu au samawati, ina uchafu wa vumbi na vijiwe, ina nyufa, na chini yake mara nyingi kuna mwamba uliosuguliwa laini, usio na kuvu wala nyasi. Mwamba huo laini ni ushahidi mzuri kuliko barafu yenyewe, kwa kuwa unaonyesha barafu ilifika wapi karibuni. Mpigaji asubiri siku mbili tatu bila mvua ndipo apige. Asipoweza kusubiri, aandike wazi kwamba picha ina theluji mpya, na mhariri asiitumie kuonyesha ukubwa wa barafu.

Kamera yenyewe hudanganywa na weupe. Ikiona theluji nyingi hudhani mwanga umezidi, ikaitia giza yote ikawa kijivu. Mtu akiongeza mwanga kwa pupa, anga na barafu huungua na ukingo kati yao hupotea. Piga picha tatu kwa mwanga tofauti, na kati ya hizo weka iliyo nyeusi kidogo, kwa sababu hiyo inarekebishika. Sahani za zamani zilihisi zaidi mwanga wa bluu, ndiyo maana anga lake mara nyingi ni jeupe tupu. Weupe ule juu ya kilele usihesabiwe kuwa barafu, kosa nililoliona kwa macho katika maelezo ya picha yenu ya kwanza.

Tena, kabla ya kulinganisha chochote, hakikisheni picha ya zamani haijageuzwa. Sahani ya kioo ikiwekwa upande usio wake, kushoto huwa kulia, na hakuna mahali duniani ambapo unaweza kusimama ikalingana. Ukiona vilele vinakataa kukaa sawa kila unapokwenda, igeuze kwenye kompyuta ujaribu tena. Hakikisheni pia ni Rwenzori. Picha yenye shimo la volkeno au kuta ndefu za barafu juu ya mlima bapa ni ya Kibo, Kilimanjaro. Rwenzori haikutoka kwenye volkeno. Ni bonge la mwamba wa kale lililoinuliwa na mipasuko ya Bonde la Ufa, na vilele vyake ni vya meno. Wala si kila kilele cheupe ni Margherita. Kuna milima sita: Stanley (ndio wenye Margherita), Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, na mwaka 1906 yote sita ilikuwa na barafu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki kwenye mitatu ya kwanza tu.

Kuhusu takwimu, gazeti liliandika namba moja bila kusema imetoka wapi. Eneo la barafu la 1906 hutajwa kuwa kilomita za mraba 6.5 na wengine, 7.5 na wengine, na tofauti hiyo haishangazi, kwa sababu limekadiriwa kutokana na ramani na picha za msafara ule. Baadaye vipimo vya setilaiti vilitoa kilomita za mraba 2.01 mwaka 1987 na 0.96 mwaka 2003. Mkiandika, andikeni na mwaka wa kipimo. Msiite barafu ya 1906 "ya milele" pia. Ilikuwa tayari imeanza kurudi nyuma tangu miaka ya 1880, wakati kiwango cha Ziwa Victoria nacho kilishuka. Watafiti wanajadili bado kiasi gani kimetokana na joto na kiasi gani na kupungua kwa unyevu, na picha haiwezi kumaliza mjadala huo. Picha pia haionyeshi unene: barafu inaweza kukonda kwa miaka huku ukingo wake ukiwa palepale.

Na tafadhali sana, msiandike tena kwamba barafu ikiisha mto Mubuku utakauka. Waliopima mto huo walikuta maji ya barafu yanachangia chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mlima. Mubuku unalishwa na mvua, misitu na vinamasi vya juu. Mkulima wa Kasese anayesoma habari ile anaelekezwa kuogopa kitu kisicho chake, huku vinamasi na misitu inayomlinda haitajwi. Kupotea kwa barafu ni hasara kubwa bila kuongezewa hofu hiyo, hasa kwa Bakonzo, wenyeji wa mlima huu, ambao kwao weupe ule ni makao ya mungu wao Kithasamba.

Kila picha mpya iandikwe papo hapo, kabla ya kushuka: tarehe, saa, jina la mpigaji, kimo, mwelekeo wa dira, namba za GPS, aina ya kamera na lenzi, na hali ya theluji. GPS ya simu hukosea mita kadhaa mahali pa wazi, na zaidi kwenye bonde jembamba, kwa hiyo piga pia picha ya stendi yenyewe ikiwa imesimama, kutoka pande mbili, ili mwingine aione miaka 20 ijayo. Usipake rangi kwenye mwamba, hiyo ni hifadhi ya taifa. Halafu utume faili asilia. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa na taarifa zake za ndani hufutwa. Itumwe kama dokumenti.

Kwa upande wa chapa, nina ombi dogo. Picha zote mbili ziwe za ukubwa mmoja, vilele viwili vilevile vikiwa kwenye mstari mmoja, na zote ziwe za kijivu. Ya rangi ikikaa karibu na ya kijivu, jicho hulinganisha rangi badala ya barafu. Karatasi ya gazeti hunywa wino na kutia giza sehemu za kati, kwa hiyo acheni kijivu chepesi angani ili ukingo wa barafu usipotee. Kwa upana wa sentimita 15, pikseli 1,200 zinatosha.

Lakini hata jozi iliyo kamili haitoshi, kwa sababu picha ya 1906 na ya leo haziwezi kusema barafu iliondoka lini. Ilipungua polepole, au nusu yake ilikwenda katika miaka 20? Jibu liko kwenye picha za katikati, na hizo hazipo Biella, ziko hapa Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walimu na wanafunzi wa Makerere walipanda kupima barafu, na tangu hapo wamepita waongoza wageni, wapagazi, walimu wa shule, askari wa hifadhi na wapanda milima. Picha zao zimo kwenye albamu na makasha ya familia kuanzia Kilembe na Ibanda hadi Fort Portal na Kampala. Gazeti lako lina uwezo wa kuziita zitoke, na naomba lifanye hivyo.

Wenye picha hizo wasizibandue kwenye albamu zikiwa zimeshika, zitachanika. Zipigwe nakala zikiwa humohumo. Kwenye skana, picha ya sentimita 9 kwa 13 isomwe kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Asiye na skana aiweke mezani karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, azime flashi, ashike simu sambamba na meza, apige kwa kingo zote nne pamoja na upande wa nyuma, hata kama nyuma kuna muhuri wa studio tu, maana muhuri hutoa mji na mara nyingine mwaka. Negativu zisitupwe, zina maelezo mengi kuliko picha iliyosafishwa. Na pasipo na maandishi yoyote, mzee aliyekuwepo aulizwe mapema ni bonde gani na mwaka gani, jibu lake liandikwe nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe aliyoulizwa.

Wako,
Msomaji, Kasese